Utasa wa Mbung'o: Jeni na Mgawanyiko wa Seli katika Kisa cha Unguja

Utasa wa mbung'o ni hali ambayo dume hupanda jike, manii yake hufika mahali pake na kurutubisha yai, lakini kiinitete kinachotokana na yai hilo hufa kabla ya kuwa buu. Hali hii ikiletwa kwa makusudi kwa njia ya mionzi, kisha madume wa namna hiyo wakaachiwa kwa wingi miongoni mwa mbung'o wa porini, huitwa mbinu ya wadudu tasa. Kisiwani Unguja mbinu hiyo ilimaliza aina nzima ya mbung'o, Glossina austeni, katika miaka ya 1994 hadi 1997. Maelezo mengi ya kisa hicho huanza na kuishia kwenye ndege ndogo zilizopita juu ya msitu wa Jozani. Hapa kisa kinaanzia ndani ya seli, kwa kuwa ndege zilikuwa chombo cha uchukuzi tu. Kilichowamaliza mbung'o ni seli zilizoshindwa kugawanyika, na zilishindwa kwa utaratibu unaoweza kuelezwa hatua kwa hatua.

Mbung'o wa Unguja

Mbung'o wote ni wa jenasi Glossina, ambayo wataalamu huigawa katika makundi matatu: kundi la morsitans, lipendalo savana; kundi la palpalis, lifuatalo kingo za mito na maziwa; na kundi la fusca, la misitu minene. Glossina austeni, aliyeelezwa kisayansi na Newstead mwaka 1912, huwekwa katika kundi la kwanza, ingawa tabia zake zinaukaidi mpango huo. Ni mdogo wa umbo, hapendi mbuga wazi, na hukaa katika vichaka na misitu ya pwani yenye kivuli kizito. Ndiye mbung'o pekee aliyekuwepo Unguja. Mji Mkongwe, wenye kuta za mawe na vichochoro, haukumfaa. Jozani na vichaka vinavyoota juu ya mawe ya matumbawe vilimfaa sana. Dume na jike wote hunyonya damu, tofauti na mbu, ambao jike peke yake ndiye mnyonya damu.

Madhara yake yalikuwa kwa mifugo. Mbung'o wa Unguja walieneza Trypanosoma congolense na Trypanosoma vivax, vimelea vya nagana, ugonjwa unaomkondesha ng'ombe, unaompunguzia damu na maziwa, na mara nyingi unaomuua. Malale ya binadamu husababishwa na vimelea wengine wa jenasi hiyohiyo, na hayahusiki katika kisa hiki.

Sifa moja ya mbung'o inastahili kutengwa na nyingine zote, kwani ndiyo iliyoifanya mbinu ya wadudu tasa iwezekane. Mbung'o hatagi mayai. Yai moja hushuka katika mji wa mimba, hurutubishwa humo, huanguliwa humo baada ya siku nne hivi, na buu hulelewa humohumo kwa maziwa yatokayo katika tezi maalumu, hadi azaliwe akiwa na uzito unaokaribia wa mama yake. Kisha buu hujichimbia ardhini na kuwa pupa kwa muda wa mwezi mmoja au zaidi. Uzazi mmoja huchukua siku tisa au kumi, na jike hujifungua watoto wachache katika maisha yake yote. Tena, kwa kawaida jike hupandwa mara moja, akahifadhi manii katika vifuko vyake na kuyatumia kidogokidogo. Mdudu mwenye uzazi haba kiasi hiki hana akiba ya kufidia mimba zinazoharibika.

Seli, kromosomu na jeni

Jeni ni kipande cha DNA chenye maelekezo ya kutengeneza protini au RNA fulani. DNA hufungwa na kukunjwa pamoja na protini, hasa zile ziitwazo histoni, na mkusanyiko huo ndio kromosomu. Mbung'o wa kundi la morsitans wana jozi mbili za kromosomu kubwa za kawaida, kromosomu za jinsia, na juu ya hizo kromosomu za ziada ambazo idadi yake hutofautiana. Orodha kamili ya DNA ya Glossina morsitans ilichapishwa mwaka 2014, ikiwa na herufi zipatazo milioni 366 na jeni zipatazo 12,000. Za aina nyingine, G. austeni akiwemo, zilifuata mwaka 2019, miaka zaidi ya ishirini baada ya mbung'o wa mwisho wa Unguja.

Udhihirikaji wa jeni ni kule kutumika kwa maelekezo hayo. Una hatua kuu mbili. Ya kwanza ni unakili: kimeng'enya kiitwacho RNA polimerasi hupita juu ya DNA na kutoa nakala yake katika umbo la RNA. Ya pili ni ufasiri: ribosomu huisoma nakala hiyo, iitwayo RNA mjumbe, na kuunga protini kwa kuifuata. Takriban kila seli ya mwili hubeba jeni zote za kiumbe. Seli ya jicho hutofautiana na seli ya tezi kwa zile jeni zinazodhihirika. Mfano ulio wazi unapatikana kwa mbung'o mwenyewe. Jike anaponyonyesha buu tumboni, jeni chache za protini za maziwa hutoa karibu nusu ya RNA mjumbe yote ya mwili wake. Akishajifungua, jeni hizohizo hushuka, na hupanda tena mimba inayofuata inapokomaa.

Mgawanyiko wa seli ni jambo la pili, na halina budi kutofautishwa na la kwanza. Udhihirikaji hushughulikia maana ya jeni. Mgawanyiko hushughulikia kuzibeba na kuzigawa, bila kujali zina maana gani. Katika mitosisi, seli moja hunakili kromosomu zake na kuzigawa sawasawa kwa seli mbili. Katika meiosisi, idadi hupunguzwa nusu ili kupata manii na mayai. Kila kromosomu huvutwa na nyuzi za protini zinazoshika sehemu moja maalumu, iitwayo sentromia. Kipande cha kromosomu kisicho na sentromia hakina pa kushikwa, hivyo hupotea. Chenye sentromia mbili huvutwa pande zote mbili na kukatika. Kanuni hii fupi ndiyo inayobeba uzito wote wa sehemu zinazofuata.

Ukimya wa jeni wakati wa mgawanyiko

Kazi hizi mbili hazifanyiki pamoja kwa urahisi. Mwaka 1962 Prescott na Bender, wakitumia uridini yenye chembe nururishi ili kufuatilia RNA mpya, walionyesha kwamba seli za mamalia zilizo katika mitosisi huacha karibu kabisa kutengeneza RNA. Sababu zilizotolewa tangu hapo ni za namna tatu. Kwanza, kromosomu hukazwa sana, na nafasi ya vimeng'enya kupita hupungua. Pili, vimeng'enya vinavyoongoza mitosisi hubandika fosfati kwenye protini za unakili na kuzizuia kufanya kazi. Tatu ni muda, ambao vitabu vingi huupita haraka ilhali ndio wenye uzito zaidi kwa wadudu: jeni ndefu huhitaji muda mrefu kunakiliwa, na mitosisi ikifika kabla kazi haijakwisha, nakala iliyofika nusu hutupwa.

Namna hii ya tatu ilithibitishwa mwaka 1991 na Shermoen na O'Farrell katika inzi wa matunda, Drosophila. Jeni waliyoichunguza, Ultrabithorax, ina urefu wa herufi zipatazo 77,000, na kuinakili yote huchukua takriban saa nzima. Katika kiinitete kichanga mizunguko ya mgawanyiko ni mifupi kuliko muda huo, kwa hiyo nakala huanzwa na kukatizwa. Jeni hiyo ipo na imeamriwa ifanye kazi, lakini haizai kitu hadi mizunguko irefuke.

Ukimya wenyewe si kamili. Kwa miongo kadhaa iliaminika kwamba protini zinazoamua jeni ipi inakiliwe hufukuzwa kutoka kwenye kromosomu wakati wa mitosisi. Mwaka 2016 maabara ya Robert Tjian nchini Marekani ilionyesha kwamba sehemu kubwa ya picha hiyo ilitokana na formaldehaidi iliyotumika kuzigandisha seli. Katika seli hai, nyingi za protini hizo huendelea kugusa kromosomu. Mwaka uliofuata, maabara ya Kenneth Zaret iligundua unakili hafifu unaoendelea katikati ya mitosisi, na kwamba seli inapotoka katika mgawanyiko jeni huamka kwa awamu, zile za ujenzi wa seli zikitangulia zile za kazi maalumu. Protini zinazobaki juu ya kromosomu wakati huo hutazamwa kama alama za kuikumbusha seli mpya asili yake. Kiasi gani cha kumbukumbu hiyo ni cha lazima bado ni suala la utafiti.

Lipo pia swali lililo kinyume: je, seli inaweza kugawanyika bila jeni zake kudhihirika? Jibu ni kwamba inaweza, kwa muda. Ethel Browne Harvey alionyesha mwaka 1936 kwamba nusu ya yai la Arbacia isiyo na kiini huweza kuanza kugawanyika. Arbacia ni mnyama wa baharini mviringo, mwenye miiba, wa jamii moja na wale wanaowachoma miguu wavuaji wa pweza wa Paje na Jambiani maji yakitoka. Katika mayai ya mnyama huyohuyo Tim Hunt aligundua mwaka 1982 protini zinazopanda na kushuka kwa kila mgawanyiko, akaziita saiklini, na mwaka 2001 akashiriki Tuzo ya Nobel. Saiklini hizo zilikuwa zikitengenezwa kutokana na RNA mjumbe iliyowekwa na mama ndani ya yai kabla ya kurutubishwa. Kwa hiyo saa ya mgawanyiko huweza kwenda bila kiini cha mtoto kusema neno.

Seli za uzazi za mbung'o

Ovari za mbung'o ni mbili, na kila moja ina mirija miwili ya mayai, jumla minne. Katika kila mrija, seli moja ya mwanzo hugawanyika mara nne na kutoa seli kumi na sita zilizounganishwa. Moja huwa yai. Kumi na tano huwa walezi wake. Jeni za walezi hudhihirika kwa nguvu, na mazao yake, yaani RNA mjumbe, ribosomu na protini, humiminwa ndani ya yai. Yai linapokomaa, walezi hufa. Mali hiyo ya mama ndiyo masurufu ya safari ya kwanza ya kiinitete: viini vya mwanzo hugawanyika kwa kuitumia, na jeni za mtoto mwenyewe huanza kudhihirika kwa wingi baadaye tu. Katika Drosophila, ambaye amechunguzwa zaidi kuliko mdudu mwingine yeyote, viini hugawanyika mara kumi na tatu ndani ya saitoplazimu moja isiyo na kuta, mizunguko ya mwanzo ikichukua chini ya dakika kumi kila mmoja, kabla ya unakili mkuu kuanza.

Manii ni kinyume cha yai karibu katika kila jambo. Jeni zinazohitajika kuunda mkia, kichwa na mitambo ya mwendo hunakiliwa mapema, kabla ya meiosisi kwisha. RNA zake huhifadhiwa na kufasiriwa baadaye. Kisha histoni nyingi huondolewa, DNA hukazwa na protini nyingine, na unakili hukoma. Manii kamili hayadhihirishi jeni yoyote ya kutajwa. Kwa mbung'o dume kazi hii hufanyika hasa akiwa pupa, na anapotoka kwenye ganda sehemu kubwa ya manii yake imeshakamilika.

Tofauti hizi mbili zikiwekwa pamoja, huzaa jambo ambalo lisingetarajiwa: manii yenye kromosomu zilizovunjika vipandevipande huogelea na kurutubisha kama manii mazima. Hayahitaji jeni zake ili kufika. Yai nalo halihitaji jeni za baba ili kuanza kugawanyika. Uharibifu hugundulika pale tu kromosomu za baba zinapotakiwa kugawanywa.

Kazi ya mionzi

Mionzi ya gama huikata DNA ya seli yoyote inayoipitia. Kinachotofautiana ni matokeo. Mwaka 1906 Bergonié na Tribondeau, nchini Ufaransa, walieleza kanuni inayobeba majina yao: seli huathirika zaidi na mionzi kadiri inavyogawanyika kwa wingi. Mdudu aliyekomaa ameundwa kwa sehemu kubwa na seli zilizokwisha kugawanyika. Misuli ya mabawa, macho na neva zake hutegemea udhihirikaji wa jeni, na jeni iliyokatwa mahali pamoja miongoni mwa nakala nyingi zilizosambaa katika seli nyingi haileti kilema kinachoonekana. Ndiyo maana mbung'o dume huvumilia zaidi ya grei 100, ilhali dozi isiyofika grei 10 ikimpata mwanadamu mwili mzima humuua. Katika wadudu wengi utumbo wa kati ndio unaovunja utaratibu huo, kwa kuwa seli zake huendelea kujifanya upya, na dozi ikizidi huanza kuonekana huko.

Hermann Muller ndiye aliyethibitisha mwaka 1927, kwa eksirei na Drosophila, kwamba mionzi hubadili jeni za kurithiwa. Mabadiliko hayo yana madaraja. Kuna yale ya herufi moja au chache, ambayo mara nyingi hufichwa na nakala nzima iliyotoka kwa mzazi mwingine. Na kuna yale ya kromosomu nzima, ambayo hayafichiki: vipande visivyo na sentromia, kromosomu zenye sentromia mbili, miunganiko isiyostahili. Haya ya pili huua hata mzazi mwingine akiwa mzima, na huitwa mabadiliko ya kuua yenye nguvu ya kutawala. Utasa wa mbung'o wa Unguja ni wa daraja hili.

Mlolongo wenyewe ni huu. Mionzi hukata DNA ya manii. Manii, kwa kuwa hayadhihirishi jeni, hayana uwezo wa kujitengeneza, na hubeba majeraha yake hadi ndani ya yai. Humo protini za ukarabati zilizowekwa na mama hujaribu kuunga ncha zilizokatika. Baadhi huungwa sawa. Nyingi, zikiwa zimezagaa, huungwa na ncha zisizo zake. Mgawanyiko unapofika, kromosomu yenye sentromia mbili hunyooshwa kati ya ncha mbili za seli na kukatika upya, ncha mpya huungana tena, na mzunguko huo wa kukatika na kuungana hurudiwa. Barbara McClintock aliueleza katika mahindi mwishoni mwa miaka ya 1930. Baada ya migawanyiko michache viini hubaki na hesabu mbaya za kromosomu: jeni nyingine hazipo kabisa, nyingine zimezidi. Masurufu ya mama yanapoisha na jeni za mtoto kuhitajika, kuzidhihirisha kwa mpango hakuwezekani tena. Kiinitete husimama na kufa.

Inafuata kwamba kumwita dume wa namna hii kuwa amehasiwa ni kukosea. Aliyehasiwa hana mbegu. Jike aliyepandwa na dume asiyetoa manii ya kutosha huweza kukubali dume mwingine. Dume aliyepigwa mionzi hujaza vifuko vya jike kwa manii hai, na kwa kufanya hivyo humfungia nafasi mwenzake wa porini. Thamani yake yote iko katika uzima wa nje pamoja na uharibifu wa ndani. Dozi nayo huchaguliwa kwa mizani hiyo: ikipungua, baadhi ya mimba huponea, ikizidi, dume hudhoofika na kushindwa kushindana.

Tofauti ya mwisho ni ya kimaumbile. Inzi, mbu na mbung'o wana sentromia moja kwa kila kromosomu, na kwa hiyo kipande kilichokatika hupotea. Vipepeo na nondo hushikwa na nyuzi katika urefu wa kromosomu, vipande vyao huendelea kubebwa, na dozi ya kuwafanya tasa kabisa ni kubwa zaidi.

Aina nyingine za utasa

Utasa wa mionzi si wa pekee, wala si wa kwanza kujaribiwa dhidi ya mbung'o. Utasa wa chotara ndio uliotangulia, na ulitangulia Tanganyika. Katika miaka ya 1940 F. L. Vanderplank aliachia mbung'o wa aina ya morsitans katika eneo la Glossina swynnertoni, akijua kwamba aina hizo hupandana lakini madume chotara huwa tasa. Kundi la swynnertoni lilishuka. Jaribio hilo lilifanyika kabla ya jaribio maarufu zaidi la Curaçao, ambako mwaka 1954 Wamarekani walimaliza inzi wa vidonda kwa madume waliopigwa mionzi, na ni haki litajwe kwanza mara nyingi kuliko linavyotajwa.

Utasa wa kemikali ulijaribiwa mwishoni mwa miaka ya 1960 katika kisiwa kimoja cha Ziwa Kariba kwa dawa iitwayo tepa. Uliachwa kwa sababu dawa zinazovunja kromosomu za mdudu huvunja na za mtu anayezishika. Utasa wa bakteria huletwa na Wolbachia, anayeishi ndani ya seli za wadudu wengi, G. austeni akiwemo: dume mwenye bakteria huyo akimpanda jike asiye naye, kromosomu za baba hushindwa kugawanyika katika mgawanyiko wa kwanza wa yai. Kwa seli, matokeo yanakaribiana sana na yale ya gama.

Matumizi yake Unguja

Kazi ilikuwa na awamu mbili. Kuanzia mwaka 1988 ng'ombe walimiminiwa dawa ya pairethroidi mgongoni, na vitambaa vilivyolowekwa dawa vilitundikwa katika baadhi ya sehemu za msitu. Awamu hii ilipunguza mbung'o bila kuwamaliza. Ya pili ilianza mwaka 1994, ikiongozwa na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki pamoja na serikali za Tanzania na Zanzibar. Mbung'o walizalishwa katika taasisi ya utafiti wa mbung'o jijini Tanga, wakanyonyeshwa damu, madume wakatengwa, wakapigwa mionzi ya gama, wakafungwa katika maboksi ya karatasi ngumu, na kuachiwa kutoka kwenye ndege ndogo mara mbili kwa wiki, kwa kufuata mistari iliyoachana kilomita moja hadi mbili. Kati ya Agosti 1994 na Desemba 1997 waliachiwa zaidi ya madume milioni 8.5.

Hesabu inayotawala mbinu hii ni uwiano wa madume tasa kwa madume wa porini. Katikati ya mwaka 1995 uwiano huo Unguja ulizidi 50 kwa 1, na mwisho wa mwaka ulizidi 100 kwa 1. Kwa uwiano wa namna hiyo, jike anayetoka kwenye pupa ana nafasi ndogo mno ya kukutana na dume wa kweli. Hapo pia ndipo mbinu hii inapotofautiana na sumu: sumu huua sehemu ileile ya kundi na kazi yake huwa ngumu kadiri wadudu wanavyokuwa wachache, ilhali madume tasa huzidi kuwa na nguvu kundi linapopungua.

Ushahidi kwamba utasa ulikuwa ukifanya kazi haukutokana na kuhesabu mbung'o walionaswa peke yake, bali na kuwapasua. Kwa kuwa mirija minne ya ovari hukomaza mayai kwa zamu isiyobadilika, mtaalamu mwenye hadubini huweza kujua jike ameshaachilia mayai mangapi, na hivyo umri wake. Mji wa mimba humwambia lililobaki: yai hai, buu, yai lililokufa au lililosimama katika ukuaji, au nafasi tupu iliyoachwa na kiinitete kilichotupwa. Majike vijana, walioachilia yai mara moja au mbili, ndio waliopimwa kwa makini zaidi. Katika robo ya kwanza ya mwaka 1995 chini ya asilimia 25 yao walikuwa na dalili za utasa. Katika robo ya mwisho walizidi asilimia 70. Wakati huohuo majike wazee wakawa wengi kupita kiasi, kwa kuwa vijana hawakuwa wakizaliwa. Ni nadra katika biolojia kuona mgawanyiko mbaya wa seli ukisomeka hivi katika idadi ya kundi zima, wiki baada ya wiki.

Kundi liliporomoka mwanzoni mwa mwaka 1996. Dume wa mwisho wa porini alinaswa katika wiki ya 32 ya mwaka huo, na jike wa mwisho katika wiki ya 36, yaani mwanzoni mwa Septemba. Madume tasa waliendelea kuachiwa hadi Desemba 1997, muda unaotosha vizazi sita vya mbung'o, ili kusiwe na pupa aliyesahauliwa ardhini.

Kimelea

Kimelea cha nagana nacho ni seli, na hutii kanuni nyingine. Trypanosoma hufanya mitosisi ya ndani: utando wa kiini hauvunjiki, na kromosomu zake hazikazwi hadi kuonekana kwa hadubini ya kawaida. Jeni zake hunakiliwa kwa mafungu marefu, na uteuzi wa ipi itumike hufanyika zaidi baada ya unakili. Isipokuwa kundi moja la jeni. Katika T. brucei, aliyechunguzwa kuliko wenzake, zaidi ya jeni 2,000 na mabaki ya jeni zimewekwa akiba kwa ajili ya joho la protini linalofunika mwili, na ni moja tu inayodhihirika kwa wakati mmoja. Kinga ya ng'ombe ikilijua joho hilo, wachache waliokwisha kubadili huendelea kugawanyika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba utengenezaji wa joho ukizuiwa, kimelea hunakili kiini chake kisha husimama kabla ya kujigawa. Kwa kubadili joho namna hiyo kimelea hiki kimezikwepa juhudi za kupata chanjo. Kumwondoa mbebaji wake kulikuwa njia fupi zaidi.

Mipaka ya mbinu

Mbinu ya wadudu tasa haimzuii mdudu mgeni. Jike aliyepandwa na dume mzima kabla ya kuingia eneo hilo amebeba manii yake ya maisha yote, na hakuna wingi wa madume tasa utakaombadilisha. Hilo lilionekana katika ranchi ya Mkwaja, mkoani Tanga, katika miaka ya 1970, ambako mbung'o wa aina ya morsitans walipunguzwa sana kwa madume waliopigwa mionzi, lakini ukanda uliofyekwa miti kuzunguka ranchi haukutosha kuwazuia wenzao wa nje kurudi. Unguja ilizungukwa na bahari yenye upana wa kilomita 35 hivi upande wa bara, masafa ambayo mbung'o hawezi kuruka.